Mstari Mweupe Kabla ya Spana

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Nukta alivuka barabara na kuingia katika gereji ya shangazi yake. Hakupiga hodi. Mbwa wa gereji alikuwa amemzoea kiasi kwamba hakujisumbua hata kuinua kichwa. Alitikisa mkia mara moja, kwa uvivu, akaendelea na usingizi wake kwenye kivuli cha matairi.

Nukta halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na mafundi, kwanza kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, na pili kwa sababu hakuwahi kutoka gerejini bila tone la rangi nyeupe mahali fulani mwilini. Leo puani, kesho sikioni, na siku moja kwenye kope, mwalimu wake akadhani anaumwa macho.

Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Gereji ya Shangazi ilikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuna aliyethubutu kuuchezea. Fundi akishakaza nati ya mahali pa hatari kwa spana ndefu, mpaka nati ikatae kabisa kusogea, alisema, "Tayari!" Hapo ndipo Nukta alipochovya brashi yake ndogo na kuchora mstari mmoja mweupe, kuanzia juu ya nati mpaka kwenye chuma kilichokuwa pembeni yake. Mstari ukinyooka, kila mtu anajua kwamba nati imekazwa na haijasogea. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na gari haliendi popote.

"Huo mstari ni neno," Shangazi alipenda kumwambia. "Unasema kwamba hapa amepita mtu na spana. Kwa hiyo spana kwanza, mstari baadaye. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Shangazi," Nukta alijibu kila mara, huku akiwaza mambo yake.

Fundi aliyefanya kazi na Shangazi aliitwa Kimya, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno matatu: "lete", "shika" na "tayari". Mafundi wa jirani walimtania kwamba hata alipokwenda kuposa, alisimama tu mlangoni na barua mkononi mpaka wakwe wakachoka wakamkubali. Kimya alicheka aliposikia utani huo, lakini alichekea moyoni.

Jumamosi hiyo juu ya stendi palikuwa na gari la zahanati. Gari hilo Nukta alilijua vizuri kuliko gari lolote jingine duniani, kwa kuwa dereva wake alikuwa dada yake, yule aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyekwenda shuleni mzazi alipoitwa, na ndiye aliyempeleka Mkunga wa zahanati kwenye vijiji vya milimani, kwa barabara ambayo wengine waliiita barabara kwa heshima tu. Katikati ya safari hiyo palikuwa na korongo lililojaa mawe makubwa. Tumbo la gari liligonga mawe hayo kila lilipovuka, mpaka zahanati ikaamua gari linyanyuliwe.

"Watu wanadhani kulinyanyua gari ni kulivalisha viatu virefu tu," Shangazi alisema akiwa chini ya gari, huku akimulika kwa tochi. "Njoo uone. Tumeweka springi ndefu na shokomzoba ndefu, bodi limepanda juu. Lakini ekseli, hiki chuma kinachounganisha magurudumu, imebaki kule kule chini. Sasa hii propela itafanyaje?"

Nukta aliitazama propela, bomba nene la chuma ambalo huzunguka chini ya gari na kupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Zamani lilikuwa limelala karibu sawa na ardhi. Sasa lilikuwa limeinama sana, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Inapinda shingo," alisema.

"Barabara kabisa! Na shingo yake ni hii krosi, hiki kiungo cha msalaba. Ukiiacha izunguke ikiwa imepinda hivyo, itatetemeka, itachoka, siku moja itavunjika. Ndiyo maana tumeleta propela mpya, ndefu zaidi, yenye krosi mbili huku juu. Na hii mikono mipya inayoishika ekseli, nayo ni mirefu. Inaizungusha ekseli kidogo ili iinue pua na kuitazama propela usoni. Kila kitu kikae kwenye pembe yake."

Kimya alikaza nati za propela moja baada ya nyingine. "Tayari," alisema. Nukta akapaka. "Tayari." Akapaka. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye mikono ya nyuma. Hapo Kimya alizizungusha nati kwa vidole tu, akaacha.

"Mbona hizi hukazi?" Nukta aliuliza.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Ndani ya mikono kuna bushi za mpira. Tukikaza sasa, gari likiwa linaning'inia, mpira utashikwa ukiwa umekaa vibaya. Gari likishuka chini, utajisokota na kupasuka. Kwa hiyo nati za mikono zinangoja. Gari lishuke, lisimame kwa miguu yake lenyewe, ndipo mtu aingie chini na spana ndefu."

Maelezo hayo yaliingia katika sikio moja la Nukta. Sikio la pili lilikuwa getini, ambako wenzake wa darasani walikuwa wakipita na baiskeli zao kuelekea uwanjani. Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya baiskeli, na rafiki yake mkubwa alikuwa miongoni mwa washindani.

Baadaye kidogo Kimya alitumwa kwa mchomeleaji kufuata kipande cha chuma. Shangazi aliitwa ofisini na mteja aliyekuwa na maneno mengi. Nukta alibaki peke yake chini ya gari na kopo lake la rangi.

"Nukta!" sauti iliita kutoka getini. "Yanaanza! Tunakuacha!"

Nukta alizitazama nati za mikono. Sasa hivi, gari likiwa juu ya stendi, angeweza kuzifikia akiwa amechuchumaa tu. Akingoja lishushwe, itambidi atambae kwa tumbo kwenye sakafu yenye oili, na kabla ya hapo amngoje Kimya arudi, na Kimya hakuwa mtu wa haraka. Si zitakazwa tu? alijiambia. Rangi ikitangulia kidogo, nani atajua?

Alichovya brashi. Alichora mistari mizuri sana, imenyooka, pengine mizuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Kisha akanawa mikono na kukimbia.

Yaliyofuata gerejini hakuyaona, na laiti angeyaona. Shangazi alimalizana na mteja, akarudisha magurudumu, akalishusha gari bila kuchungulia chini. Alijua Kimya akirudi ataikaza mikono, basi akaondoka kwenda kujaribu gari la yule mteja barabarani. Kimya akarudi. Alikuta gari limesimama chini. Alichukua spana ndefu, akajilaza, akaingia, na alichokiona kwanza ni mistari myeupe. Alielewa kwamba Shangazi ameshakaza. Akatoka, akairudisha spana ukutani, na kwa kuwa yeye alikuwa Kimya, hakusema kitu. Shangazi naye aliporudi aliinama, akaona mistari ile ile, akajua Kimya amemaliza kazi.

Jioni Nukta alipitia gerejini kuchukua ndala alizozisahau. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kushangilia. Shangazi alikuwa akifunga milango.

"Nukta, mistari ya mikono umepaka wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Baada ya spana?"

Nukta alilitazama gari. Lilikuwa limesimama chini, limeoshwa, refu na la kupendeza. Bila shaka limeshakazwa, aliwaza. Nikieleza yote nitagombezwa bure.

"Baada ya spana, Shangazi," alisema.

*

Kesho yake asubuhi Dada aliondoka kabla chai haijapoa. Huko ng'ambo ya korongo, mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua kabla ya siku zake, na Mkunga alitaka kumleta zahanati haraka. Dada alimpiga Nukta busu la kichwani, akachukua funguo, akatoka mbio.

Nukta alikwenda kunywa chai kwa Shangazi, kwenye benchi la gereji. Kimya alikuwepo, akipangusa spana kwa kitambaa na kuzipanga kwa ukubwa. Ilikuwa asubuhi tulivu, ya watu wasio na haraka.

"Bosi," Kimya alisema.

Shangazi na Nukta waligeuka pamoja. Kimya kuanzisha mazungumzo ilikuwa habari ya kutangazwa redioni.

"Ile mikono umeikaza vizuri," alisema Kimya. "Mistari imenyooka."

Shangazi aliangua kicheko. "Jamani, leo Kimya ameamka na hotuba! Halafu ananipa mimi sifa zake mwenyewe. Si uliikaza wewe?"

"Mimi?"

"Wewe, nani mwingine?"

"Nilikuta imepakwa," Kimya alisema polepole.

Kicheko cha Shangazi kilikatika. "Hata mimi nilikuta imepakwa."

Spana ilimponyoka Kimya, ikalia kwenye sakafu. Kisha wote wawili, taratibu, walimgeukia Nukta.

Kwa sekunde chache uongo mwingine ulimjia, tena umejipanga vizuri: kwamba alimwona fundi mmoja wa jirani akiingia na spana, kwamba labda alikosea gari. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kuusema. Lakini machoni mwake alikuwa akiuona mkono wa Dada ukichukua funguo mezani.

"Nilipaka likiwa juu," alisema.

"Juu wapi?"

"Juu ya stendi. Kimya hakuwepo. Nilitaka kwenda kwenye mashindano." Aliweka kikombe chini. "Hakuna aliyekaza, Shangazi. Jana nilikudanganya."

Alitegemea kofi. Alitegemea kelele, maana Shangazi akikasirika husikika mpaka mtaa wa pili. Lakini Shangazi hakupiga kelele. Alibaki amekaa, kikombe mkononi, macho yamemtoka, na midomo yake ikawa ya kijivu. Nukta hakuwahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile, na hilo lilimtisha kuliko kofi lolote.

"Dada yako yuko wapi?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ameenda milimani. Na Mkunga."

Shangazi alikwishapiga simu kabla Nukta hajamaliza. Simu ilisema namba haipatikani. Alipiga tena, ikasema hivyo hivyo. Huko milimani mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

"Kimya! Bolti za akiba, spana ndefu, jeki, mtaimbo! Nukta, panda!"

Waliondoka na pikapu kuukuu ya gereji, watatu kwenye kiti kimoja, Nukta katikati. Lami iliisha, vumbi likaanza, na barabara ikaanza kupanda. Hakuna aliyemgombeza. Alitamani wamgombeze. Kila kona walipoikata aliogopa kutazama mbele, na kila walipokuta kweupe alipumua, kisha kona nyingine ikaja.

"Simama!" Kimya alipaza sauti ghafla.

Shangazi alikanyaga breki, vumbi likawapita. Kimya aliruka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaokota kitu barabarani. Aliporudi alikifungua kiganja chake bila neno. Ilikuwa nati mpya, inang'aa, na juu yake palikuwa na mstari mweupe uliokatika kwenye ukingo. Nusu yake nyingine ilikuwa imebaki kwenye gari.

Nukta aliutambua mstari wake. Alitaka kulia, machozi yakagoma kutoka. Alibaki ameitolea macho ile nati.

"Twende," Shangazi alisema.

Walilikuta gari kabla tu ya mteremko wa korongo. Lilikuwa limekaa upande, pua yake imejikita kwenye ukingo wa udongo, na chini yake propela mpya ilikuwa imeangukia ardhini upande mmoja, imepinda. Milango ilikuwa wazi. Nukta alifumba macho. Hakutaka kuona.

"Wapo!" alisikia Kimya akisema. "Wazima!"

Alifumbua macho. Mkunga alikuwa amesimama kivulini na mkoba wake begani. Dada alikuwa amekaa chini barabarani, mikono kichwani, anatazama mbele bila kuona kitu. Shangazi alimkimbilia, akamshika mabega, akamkagua kama anayemkagua mtoto aliyeanguka mtini.

"Umeumia?"

"Hapana. Nilikuwa nakwenda taratibu." Dada alizungumza kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Ingekuwa mbele kidogo, pale kwenye mteremko, Shangazi, tungekuwa tumeshaingia korongoni. Nilisikia nyuma inagonga tangu kule chini. Nikasimama. Nikaingia chini nikamulika kila mahali. Nikakuta mistari yote imenyooka." Aliinua macho kwa Shangazi. "Nikasema, ah, hii ni mistari ya Nukta wangu, hapa hapana neno. Nikaendelea."

Maneno hayo yalimwingia Nukta mpaka kwenye mifupa. Muda wote huo alikuwa akidhani kosa lake ni kwamba nati hazikukazwa. Kumbe kulikuwa na kubwa zaidi. Dada alisimama. Dada aliingia chini na kutafuta. Kama asingeona rangi yoyote, angeshika spana, angegeuza gari, angekuwa salama. Mstari ndio uliomwambia aendelee.

"Dada," alisema, akapiga magoti vumbini. "Nilichora mistari kabla ya spana. Nati zilikuwa zimezungushwa kwa vidole tu. Nilijua."

Dada alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtoto huyu.

"Ulijua?" aliuliza. "Halafu ukaniacha nipande?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Nukta.

Mkunga alikuja katikati yao. "Mtalia baadaye, wanangu, na mimi nitawasaidia," alisema. "Ng'ambo ya korongo kuna mama anahangaika. Hiyo pikapu yenu inaweza kuvuka?"

Shangazi alitikisa kichwa. "Itakaa juu ya jiwe la kwanza. Linaloweza kuvuka ni hili lililonyanyuliwa. Kimya, tunaweza?"

Kimya alikuwa tayari chini ya gari. Sauti yake ilitoka huko, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na maneno mengi. "Mkono wa kushoto umechomoka, bolti imepotea. Ekseli imejipindua, ndiyo ikaivunja krosi. Propela ya nyuma basi tena. Lakini gari hili lina propela mbili, na ya mbele nzima. Tukiurudisha mkono na kuitoa hii ya nyuma, gari litavutwa na magurudumu ya mbele."

"Basi tuanze," Shangazi alisema. Alimgeukia Nukta. "Futa machozi. Wewe ndiye mwembamba kuliko sisi. Ingia chini."

Nukta aliingia. Mawe yalimchoma mgongoni, vumbi likamjaa machoni. Shangazi alinyanyua kwa jeki, Kimya akaisukuma ekseli kwa mtaimbo huku jasho likimdondoka. Kazi ya Nukta ilikuwa kuchungulia tundu la mkono likikutana na tundu la chuma, na kuisukuma bolti mpya likikaa sawa. Mara ya kwanza lilipita. Mara ya pili likapita tena. Vidole vyake vilikuwa katikati ya vyuma, naye aliogopa, lakini hakuvitoa.

"Sasa!" alipiga kelele, na bolti ikaingia.

Walilishusha gari likasimama kwa magurudumu yake. Ndipo Kimya alipojilaza na spana ndefu. Alikaza kila nati ya mikono, ya kushoto na ya kulia, akikoroma kwa nguvu, na kila moja ilipokataa kusogea alisema, "Tayari." Nukta, aliyekuwa amelala pembeni yake akimulika, alilisikia neno hilo kama hajawahi kulisikia kabla. Hakuwa na brashi. Hata angekuwa nayo, siku hiyo asingeweza kuishika.

Propela iliyopinda ilifunguliwa na kutupwa nyuma ya pikapu. Dada alisimama, akajipangusa vumbi, akapanda kwenye usukani. Alimtazama Kimya.

"Umezikaza wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu," Kimya alisema.

Ndipo Dada akawasha gari. Kimya alishuka korongoni kwa miguu, akimwonyesha njia jiwe kwa jiwe. Gari lilipanda, likashuka, likainama upande huu na ule, na Nukta aliyebaki ukingoni na Shangazi alisahau kupumua. Lilipotokea ng'ambo na kupotea nyuma ya kilima, Shangazi aliketi juu ya tairi la akiba na kufunika uso kwa mikono. Mabega yake yalitikisika. Nukta alisimama kando yake bila kujua kama anaruhusiwa kumshika.

Walingoja sana. Gari lilirudi likitambaa, Mkunga akiwa nyuma ameushika mkono wa yule mama, aliyekuwa ameng'ata ukingo wa kanga ili asipige kelele. Hawakusimama kusalimiana. Kabla jua halijazama mtoto alizaliwa zahanati, mdogo sana, lakini mwenye sauti ya kutosha kuamsha wodi nzima.

*

Dada alizungumza na Nukta siku hiyo kwa maneno ya lazima tu: kula, oga, lala. Siku kadhaa zikapita hivyo. Nukta alijifunza kwamba nyumba yenye ukimya wa namna hiyo ni ndogo sana.

Propela nyingine ilipopatikana, Shangazi aliwaita wote gerejini. Gari la zahanati, propela imeshafungwa, lilikuwa limesimama chini, kwa magurudumu yake, na nati za mikono zilikuwa zimelegezwa zikazwe upya. Kopo la rangi lilikuwa juu ya benchi.

"Kabla ya yote, mimi na Kimya tuna deni la maneno," alisema Shangazi. "Tuliiamini rangi, hatukuulizana. Neno moja tu lingetosha, nasi hatukulisema. Mimi niliogopa kumchosha Kimya, Kimya aliogopa kujichosha mwenyewe." Kimya aliinamisha kichwa. "Lakini wewe, Nukta, kosa lako ni la aina nyingine. Nati iliyolegea ni hatari, ila inajisema yenyewe: inagonga, inatikisika, mtu anasimama. Ukishaipaka mstari umeiziba mdomo. Uongo haukumdanganya dada yako tu, ulimwondolea nafasi ya kujisaidia mwenyewe. Mtu anapokuamini, anaacha kujilinda upande wako. Hilo usilisahau mpaka uzeeke."

"Sitasahau, Shangazi," Nukta alisema, na safari hii masikio yote mawili yalikuwa pale pale.

"Kuanzia leo, anayekaza ndiye anayepaka. Hakuna kupokezana." Shangazi alichukua spana ndefu ukutani na kumpa. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. "Hutaki kushika spana, hakuna rangi."

Nukta aliingia chini kwa tumbo, kwenye oili. Aliivuta spana kwa mikono, nati ikazunguka kidogo. Alijikunja, akaisukuma kwa miguu yote miwili, mgongo ameuegemeza kwenye tairi, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nati ikasogea, ikasogea tena, kisha ikakataa. Kimya aliishika mwisho kuhakikisha, akatikisa kichwa kukubali. Hakusema "tayari". Alimngoja Nukta aliseme mwenyewe.

"Tayari," Nukta alisema.

Akachovya brashi, akachora. Mkono ulikuwa umechoka, mstari ukatoka umepinda kidogo.

Dada alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, funguo mkononi. Kwenye pete ya funguo alikuwa ameitundika ile nati ya barabarani, yenye nusu mstari. Alikuja, akainama, akachungulia.

"Nani amekaza?"

"Mimi."

"Nani amepaka?"

"Mimi."

"Baada ya spana?"

Swali lile lile Nukta alikuwa amelijibu kwa Shangazi jioni ile, bila hata kupepesa jicho. Badala ya kujibu, alitambaa akatoka chini ya gari, akamnyooshea Dada spana ndefu.

"Jaribu mwenyewe, Dada."

Dada aliipokea. Alijilaza sakafuni na sare yake safi ya kazi, akaingia, akavuta kwa nguvu zake zote. Nati haikusogea. Alivuta tena, akavuta mara nyingine.

Alipotoka alikuwa na tone la rangi nyeupe shavuni. Alimrudishia Nukta spana, akapanda kwenye gari, akawasha.

"Nikirudi nitakusuka nywele," alisema kupitia dirishani, akaondoka.